Jiko la Watu Kumi na Wanne

Barafu ya Februari 2007 iliangusha nyaya za umeme mtaani kwetu Manassas, tukakaa gizani karibu juma zima. Nyumba yangu inapashwa joto na mashine, na mashine inakula umeme. Ulipokatika asubuhi, kufika jioni kuta zilikuwa baridi kama kuta za kisima. Nilivaa makoti mawili, langu na la marehemu mume wangu, nikajifunga kanga kichwani, nikakaa jikoni kwenye kiti. Siku ya tatu barabara zilipofunguliwa binti yangu Edna akaja kutoka Alexandria. Aligonga mlango kama polisi.

"Mama! Kwa nini hupokei simu?"

"Simu imekufa. Mimi sijafa."

"Midomo yako ya bluu. Twende."

"Umeme utarudi."

"Twende, mama, nisije nikakubeba mbele za majirani."

Nilikwenda, maana miguu nilikuwa siisikii. Kwa Edna ni ghorofa ya tisa, madirisha hayafunguki, na mimi nalala chumba cha mjukuu wangu Irene, kitanda cha chini, yeye juu. Irene ana miaka kumi. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, anakujibu Kiingereza. Edna anafanya kazi hotelini, mumewe Cosmas anaendesha teksi, mtoto yuko shule. Mchana kutwa nakaa na jokofu linalonguruma. Niliposikia umeme wa Manassas umerudi nikasema nirudisheni kwangu, na sikula mpaka waliponirudisha.

Edna alisimamisha gari mlangoni, injini inawaka. Akasema, "Mama, nakuambia mara moja. Kabla ya theluji ya mwisho wa mwaka huu kuanguka, nyumba hii iwe na joto lisilotegemea umeme, na mkaguzi wa manispaa aje aangalie aweke sahihi. La sivyo unahamia kwangu na nyumba tunauza."

"Nani kakupa mamlaka hayo?"

"Baba."

Na ni kweli. Gwakisa alipokuwa hospitalini alimshika Edna mkono, hakunishika mimi, akamwambia, mama yako mbishi, usije ukamwachia ubishi wake ukamuua. Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu.

Basi mambo yakawa hivyo. Jiko, au ghorofa ya tisa.

Mimi ni Tupokigwe, mzaliwa wa Rungwe, upande wa juu kule ambako mvua haiombwi. Shule nilikwenda miaka miwili, baba akasema inatosha. Kusoma hasa nilijifunza ukubwani, madarasa ya jioni, Edna nimembeba mgongoni. Gwakisa alikuwa dereva serikalini, wakamleta ubalozini Washington mwaka 1983, na mimi nikawa napika kwenye nyumba za wakubwa. Nimepika wali wa karamu ambazo sikuziona, nilisikia vicheko tu kupitia mlango. Mkataba wake ulipokwisha tulibaki. Akalinda magari ya watu kwenye maegesho Alexandria, halafu akapata kiwanda cha madirisha Manassas, na mwaka 1996 tukanunua nyumba hii, vyumba vitatu, karibu na reli. Ina bomba la moshi la matofali na mahali pa kukokea moto sebuleni. Hatukukoka hata siku moja. Gwakisa aliweka redio mle ndani, akasema Wazungu wamejenga kabati la ajabu.

Miaka minane nyumba hii ilikuwa ya watu. Kila Jumamosi wanakuja, Watanzania, Wakenya, Wakongo wawili watatu, mwenye mtoto na mtoto, mwenye kidonda cha nyumbani na kidonda chake. Tulikuwa na viti vya kukunja tulivyopewa na kanisa moja. Gwakisa anachoma nyama nyuma hata kama kuna theluji, ameshika mwavuli. Alipokufa mwaka 2004 walijaa mpaka barabarani. Wakaja na mwezi wa pili. Mwezi wa sita wakaja wachache. Halafu nikaanza kusikia Manassas ni mbali, foleni ya barabara ya sitini na sita inaua, na mwishowe Jumamosi zikahamia Beltsville kwa Wamaitha, Mkikuyu mmoja anayeuguza wazee, mtu mwema, sina neno naye. Walinialika. Mimi siendi kula kwa mtu chakula ambacho zamani kililiwa kwangu.

Kwa hiyo Edna aliponiambia jiko, yeye aliwaza baridi. Mimi niliwaza watu. Moto ukiwaka, watu huja. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Mama yangu alikuwa na sheria yake ya moto. Kuni alizipanga kwa hesabu ya waliokaa. Mtu mmoja, kuni moja. Akiingia jirani anasukuma nyingine ndani, na mtu akiaga anaivuta kuni moja nyuma, anaizima kwenye majivu, hata kama ni baba mkwe. Watu walicheka, lakini kuni zake hazikuwahi kwisha kabla ya masika kwisha. Na mafiga yake aliyatanua kuliko ya wote pale kijijini, kwa sababu alisema jiko unalijenga kwa wale wanaoweza kuja. Waliokuja unawahesabia kuni.

Mwezi wa Septemba nikaenda duka la majiko, nyuma ya kituo cha treni. Nilikwenda kwa miguu, nimevaa gauni la kanisani. Mwenye duka ni Mmarekani mweusi, mtu mzima, ndevu nyeupe, kichwa kipara. Nilikuwa nimejiandaa na Kiingereza changu. Akaiangalia kanga yangu, akasoma maandishi yake kwa sauti, halafu akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe umetoka wapi?"

"Nimezaliwa hapa hapa Virginia. Ninaitwa Mandla. Jina hili nilijichagulia mwaka 1974, nilipokuwa na nywele."

"Jina la Afrika Kusini, Kiswahili cha kitabuni, na mtu wa Virginia."

"Nilisoma masomo ya jioni kwa miaka sita, mama. Karibu. Je, nyumba yako ina dohani?"

"Ina nini?"

"Dohani. Ya kutolea moshi."

"Sema bomba la moshi, baba, tuelewane. Lipo, la matofali."

Alicheka sana. Akachukua kalamu akaanza kuuliza. Chumba urefu gani, upana gani. Nikamwambia hatua sita kwa tano, hatua zangu. Dari iko juu kiasi gani. Mlango unaingilia wapi. Pazia liko umbali gani na mahali pa moto. Niliona ananichelewesha.

"Mbona huulizi la maana?" nikamwambia.

"Lipi hilo, mama?"

"Watu wangapi."

"Haya. Watu wangapi?"

"Kumi na wanne."

Akaweka kalamu chini. Mimi nilikuwa nimewahesabu njia nzima. Mimi. Edna, Cosmas na Irene. Mwanangu Sebastian aliye Texas, mkewe na watoto wao wawili. Wamaitha na mumewe. Mkongo yule fundi viatu na mkewe. Ghati, mwanafunzi wa Tarime aliyekuwa akija kwangu kufua nguo na kula. Na mmoja ambaye hajulikani, kwa sababu lazima awepo mmoja ambaye hajulikani.

Mandla akasema, "Mama, sisi jiko hatulipimi kwa watu. Tunalipima kwa chumba."

"Chumba hakisikii baridi."

"Ni kweli, lakini..."

"Kwenu mnapima kwa chumba. Mimi napima kwa watu."

Akanipeleka kwenye jiko dogo lililosimama karibu na mlango. Miguu mifupi, bati la chuma, kioo mlangoni kama kidirisha cha tanuri. Akasema kwa chumba changu hilo linatosha na linazidi, linakula vigogo vifupi, linashika moto upesi, halina makuu. Nililizunguka. Mtu mmoja na nusu akikaa mbele yake wamelimaliza.

"Hili ni jiko la mtu asiyetembelewa," nikasema.

Nikapita la kati bila kusimama, nikafika mwisho wa duka, na hapo nikaliona langu. Chuma cha kusubu, zito, jeusi, juu pana pa kukalisha sufuria mbili, mdomo unaomeza gogo urefu wa mkono. Nililigonga kwa kidole likaitika kwa ndani.

"Hilo ni la nyumba ya shamba, mama. Nyumba ya ghorofa mbili."

"Linauzwa?"

"Linauzwa. Lakini nisikilize. Jiko kubwa linataka moto mkubwa. Ukiweka moto mdogo ndani yake halipati joto, moshi unapanda umepoa, unaganda ndani ya doh... ndani ya bomba. Ni hatari."

"Nimekoka moto tangu nina miaka mitano."

"Ulikuwa moto wa wazi?"

"Moto ni moto."

Nje alikuwa na rundo la kuni za mwaloni za kuuza. Nikachukua vigogo viwili nikavigonganisha. Vikalia *ka*. Nikachukua viwili vya chini, vikasema *bu*. Nikamwambia, hivi vya chini vibichi, usije ukaniletea. Akatoa kidude chenye sindano mbili akakichomeka, akasoma namba, akanitazama mara ya pili. Kuanzia hapo hakunibishia tena. Nadhani alifikiri anayejua kuni anajua na jiko. Hilo lilikuwa kosa lake. Yale mengine yote yalikuwa yangu.

Oktoba alikuja na kaka yake. Walilisukuma jiko kwa kitoroli, wakaweka bamba la jiwe chini, wakateremsha bomba la chuma ndani ya lile la matofali. Redio ya Gwakisa niliitoa mwenyewe. Mkaguzi akaja na tepu yake, akapima huku na huku, akasogeza kiti cha Gwakisa nyuma, akapunguza pazia langu kwa makasi mbele ya macho yangu, akaweka sahihi. Nilimpigia simu Edna nikamsomea karatasi neno kwa neno. Ilichukua muda.

Jumapili iliyofuata wakaja wote watatu. Irene alisimama mbele ya jiko akasema kitu, Cosmas akacheka.

"Amesema nini?"

"Anauliza treni ya bibi inaondoka saa ngapi," Cosmas akasema.

"Mwambie abiria hawajatimia."

Tulikuwa wanne, nikaweka kuni nne. Moto ulivuma. Irene akavua sweta, akalala sakafuni kwa tumbo akiangalia ndani ya kioo, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa Kiswahili kabisa, "Bibi, hii inakula nini tena?" Nikamwonyesha jinsi ya kuweka gogo. Saa kumi na moja wakaaga, kesho shule. Gari ilipotoka nikachukua koleo nikavuta kuni tatu nje, nikazizika kwenye ndoo ya majivu. Nikafunga kitundu cha hewa ili ile moja idumu.

Hivyo ndivyo nilivyopitisha kipupwe, mashine ya umeme nimeizima. Kuni moja.

Viti vya kukunja nilivitoa stoo nikavipanga kulizunguka jiko. Nilipiga simu. Wamaitha akasema, "Haki mama, nitakam tu, hizi shifti zikinipa nafasi. Nimesikia ni jiko kubwa ajabu!" Nikasema ni la kawaida tu. Yule Mkongo akasema, "Maman, wiki ijayo, bila shaka," na wiki zake zote zilikuwa ijayo. Ghati alikuwa amebadilisha namba. Sebastian akasema tiketi za Krismasi zimepanda, labda kiangazi. Kiangazi mtu anaota moto wa nini?

Asubuhi nilikuwa naamka, naweka kuni yangu, nafunga hewa, nakaa. Inafuka polepole mpaka jioni. Kioo kilikuwa cheusi hata moto wenyewe sikuuona, nilijua tu upo. Nyumba ilikuwa vuguvugu. Nilivaa koti la Gwakisa ndani ya nyumba, nikajiambia ni mazoea. Treni ya watu wa kazini ikipita saa kumi na mbili na nusu vijiko vinatikisika kwenye kikombe, na jioni ikirudi vinatikisika tena, na kati ya hapo na hapo kuna siku ambazo sikutumia sauti yangu. Siku moja mtu wa posta aliniletea kifurushi cha jirani kwa makosa. Nilimweka mlangoni dakika ishirini. Nilimweleza habari za mwaloni mbichi.

Mwishoni mwa Januari Mandla akaja kukagua bomba, alivyoahidi. Alipanda juu na brashi ndefu. Nilisikia vitu vinaanguka ndani, havianguki kama masizi, vinaanguka kama kokoto. Akashuka, akafungua chini, akaja na kipande kiganjani. Cheusi, kinang'aa kama lami iliyopigwa pasi.

"Mama, unakijua hiki?"

"Masizi."

"Masizi ni unga. Hii ni lami ya moshi. Ikishika moto bomba linawaka lote, na nyumba inafuata. Miezi mitatu tu! Sijawahi kuona nyingi namna hii kwa miezi mitatu." Akavitazama vile viti. "Unaweka kuni ngapi?"

"Inategemea watu."

"Jana?"

"Moja."

"Juzi?"

"Moja."

"Krismasi?"

Krismasi nilikwenda Alexandria kula mchana nikarudi. "Moja," nikasema.

Akakaa bila kukaribishwa, kwenye kiti cha kukunja, na majivu yake. Akaniuliza kwa nini moja. Nikamweleza sheria ya mama. Alisikiliza mpaka mwisho, hata la baba mkwe hakucheka.

"Mama yako moto wake haukuwa na mlango," akasema. "Kuni moja kwenye hewa inawaka. Kuni moja ndani ya sanduku hili inalia machozi tu. Machozi yenyewe ndiyo haya."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuna mambo mawili. Ama ukoke moto wa kulijaza, kila siku, kama nyumba imejaa. Ama tuliondoe, nikuletee dogo. Ukiendelea hivi, lazima niandike kwamba jiko hili lisitumike. Na karatasi hiyo, samahani mama, binti yako aliniomba nimpelekee nakala."

Yaani Edna alikuwa ameshapita dukani kwake kimya kimya. Mtoto yule ana ubishi, sijui kautoa wapi.

"Usiandike leo," nikamwambia. "Nipe wiki moja."

"Kwa wiki moja kitabadilika nini?"

"Hilo halikuhusu."

Alisafisha bomba lote, akaniambia nisikoke kuni moja tena hata kwa dawa, akaondoka.

Mimi nilishaamua. Kama jiko linataka nyumba iliyojaa, nyumba itajaa. Nikapiga simu kuanzia Jumatatu. Sikuuliza kama wana nafasi. Nilisema Jumamosi, saa saba, kwangu, napika. Wengine walisema ndiyo. Wengine walisema *inshallah*, nikahesabu ndiyo. Ijumaa nilimenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi, nikatengeneza mbalaga ya nyama kwenye sufuria kubwa ya Gwakisa, wali, chapati, maharage ya nazi. Jumamosi alfajiri nikaanza kukoka. Kuni tatu, tano, nane. Hewa wazi.

Lo! Sijawahi kulisikia likiimba namna ile. Kioo kikajisafisha chenyewe, moto ukaonekana wa njano mpaka kwenye paa la jiko. Sufuria mbili juu zinachemka. Saa nne nikavua sweta. Saa tano nikavua viatu. Saa sita mshumaa uliokuwa kwenye rafu ukapinda shingo ukalala. Nikafungua dirisha moja, nikafungua la pili.

Saa saba. Saa saba na nusu. Simu ikaanza. Mkongo na mkewe walikuwa na harusi Maryland waliyoisahau. Mume wa Wamaitha ana mafua. Edna ameitwa kazini, mwenzake hakutokea, na Cosmas yuko uwanja wa ndege na abiria. "Mama, samahani, nitakuja Jumamosi nyingine." Hakuna aliyenidanganya. Ningependa awepo aliyenidanganya, nimkasirikie.

Saa nane Wamaitha akaja, amevaa nguo za kazi, mfuko wa machungwa mkononi.

"Aki mama, kwani unachoma matofali huku?"

"Kaa. Wenzako wanakuja."

Alivua koti, akavua na sweta, akala sahani mbili, akasifu ndizi. Akaniambia nyumba ya Beltsville kila Jumamosi wananitaja. Nikamuuliza wananitajaje. Akasema wanasema hakuna anayepika kama mama Edna. Halafu katikati ya neno akalala, kijiko mkononi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku mzima, akaendesha saa nzima na dakika arobaini kuja kwangu. Nikakitoa kijiko nikakiweka mezani. Nilikaa nikimtazama akilala. Alikoroma kidogo. Ilikuwa sauti nzuri kuwa nayo ndani ya nyumba. Baada ya saa moja akashtuka, akatazama saa, akasema ana zamu nyingine. Nikamfungia chakula cha watu watano. Akanikumbatia pale mlangoni, jasho kwa jasho.

"Mama, kuja Beltsville. Tutakuja kukuchukua."

"Nitaona."

Gari yake ilipokwenda nilirudi ndani. Moto bado ulikuwa wa watu kumi na wanne, siwezi kuvuta gogo lililowaka namna ile, koleo lenyewe lilikuwa linaunguza. Nikakaa kwenye kiti cha Gwakisa kilichosogezwa nyuma na mkaguzi. Theluji ilianza kuanguka nje, ikaingia kwa dirisha lililo wazi, ikafika kwenye zulia na kuyeyuka. Mimi natokwa jasho, zulia linalowa. Kuni za wiki mbili zilikwisha siku ile moja. Viti kumi na vitatu vilikuwa vimekaa safi, na kimoja kina makombo.

Jumatatu nikaenda dukani. Mandla alikuwa anafagia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leta lile dogo."

Hakuuliza lipi. Akaegemeza fagio. "Naweza kukupa la kati, mama. Kwa siku ya wageni."

"La kati ni la mtu anayejidanganya nusu. Nipe dogo."

"Mama, wageni kumi na wanne wakija kwenye chumba chako hawahitaji jiko. Wao wenyewe ni joto."

"Andika karatasi yako, baba."

Akaandika. Mkono wake unakwenda polepole akiandika Kiswahili, akaniandikia na maelezo ya kulitumia, ukurasa mzima. Jumatano yeye na kaka yake wakalitoa lile kubwa. Safari hii halikutaka kupita mlangoni, ikabidi waondoe mlango kwenye bawaba. Baridi yote ya Manassas iliingia wakati huo, nami nimesimama katikati na koti la marehemu, nawaelekeza. Lile dogo waliliweka juu ya bamba lile lile la jiwe, likaonekana kama mtoto aliyeketi kwenye kiti cha mkubwa. Mkaguzi akarudi, akapima, akaweka sahihi.

Jiko dogo lina sheria yake. Ukurasa wa Mandla unasema vigogo vitatu vifupi, si pungufu, hewa wazi mpaka vishike. Viwili havisaidiani vizuri, kimoja kinakufa. Mara ya kwanza mkono wangu ulikataa. Vitatu kwa mtu mmoja! Nilijaribu kusema cha pili ni cha Gwakisa na cha tatu cha mama. Nikafanya hivyo siku mbili, nikaona ni upuuzi, wafu hawasikii baridi. Vigogo vitatu ni vyangu mwenyewe. Nikavikoka, kioo kikabaki cheupe, chumba kikapata joto kona hadi kona, na koti la Gwakisa nikalitundika.

Edna alipiga simu karatasi ilipomfikia.

"Mama, umebadilisha jiko?"

"Ndiyo."

"Kwa nini? Lile ulilipenda."

"Lilikuwa kubwa."

Nikamsikia anavuta pumzi. Alitaka kusema kitu. Nilimjua tangu yuko tumboni, nikawahi.

"Karatasi ina sahihi?"

"Ina, mama."

"Basi nakaa kwangu."

"Sawa. Unakaa kwako." Halafu akauliza taratibu, "Pasaka utakuja? Irene anauliza."

"Anauliza kwa lugha gani?"

"Mama!"

"Nitakuja. Cosmas anichukue Jumamosi mchana, ila Jumatatu asubuhi mnirudishe."

"Kaa basi japo wiki."

Nikamwambia haiwezekani. Hata hizo siku mbili tu nyumba ikikaa bila moto matofali yanapoa mpaka ndani, na mimi peke yangu inanichukua siku nzima kuyarudishia joto.